Kinyumenyume

Saa mbili kasorobo. Mtaa wa Pitsmoor umeganda,
barafu nyembamba kama utando wa maziwa,
na Raya anapanda mlima kinyumenyume,
mgongo shuleni, uso kwangu.

Akienda mbele, mguu wa kushoto humsaliti:
kisigino hupaa, unyayo hujipinda ndani,
shavu la mguu hukaza kama kamba ya kisima.
Akigeuka, akarudi nyuma, shwari.
Miguu husahau kuwa inaumwa.
"Usiniulize kwa nini," alisema daktari,
mzee wa watu, akakuna sikio kwa kalamu.
"Wengine hukimbia vizuri. Wengine hucheza dansi.
Kutembea tu ndiko hugoma."

Basi mimi ndiye kisogo chake chenye macho.
Nguzo. Pipa la taka. Kigari cha mtoto.
Mbwa wa Bi Ackroyd, kulia, kulia tena.

*

Mjomba Mhina, kule Muheza, hakupata jina la ugonjwa.
Shingo yake ilitazama bega la kulia
miaka ishirini na sita,
kana kwamba ukuta umemwita naye ndiyo kwanza aitike.
Tulimfukiza ubani. Tulimchinjia kuku mweusi,
nyama tukala sisi.
Akigusa kidevu kwa kidole kimoja tu
shingo ilirudi mahali pake, ikatulia;
siri hiyo aliivumbua mwenyewe,
na watu wakacheka: Mhina anawaza madeni.

Kijiko kilimdondoka mara sita kwa sahani moja ya wali.
Mwokotaji nilikuwa mimi.
Mgongoni mwa kijiko palipigwa chapa, SHEFFIELD,
nikaisoma herufi kwa herufi, mtoto wa darasa la pili,
nikadhani ndilo jina la shetani wake.

*

Sasa naishi ndani ya jina lile.

Barua ya hospitali ilikuja Ijumaa, kurasa nne,
na maana yake yote mstari mmoja:
herufi tatu zimekosekana
katika maandishi marefu tunayoandikiwa kabla ya kuzaliwa.
Mimi pia sinazo.
Katika kumi wanaozikosa, watatu hivi hujikunja;
saba tunapita tumenyooka,
tumebeba mzigo bila kuusikia uzito.
Mikono yangu ilishika barua, imetulia kama maji ya mtungi.
Niliichukia.

Nilimpigia dada. Akasema, funga mdomo,
wanangu bado hawajaolewa.
Walitufunza, samaki mkunje angali mbichi.
Huyu nani kamkunja, dada?
Mkono gani, wa bibi yupi?
Salio likaisha, au alikata yeye, sijui.

*

Jana kijana mmoja, Declan, alimuiga langoni,
akarudi nyuma hatua nne, akakaa kitako kwenye tope.
Raya alicheka mpaka mguu ukakaza.

Na usiku, baada ya vidonge, aliniuliza
kidole kile cha mjomba kilikuwa kidevuni, au chini kidogo?
Nikamwonyesha. Akajaribu kwenye goti,
kwenye kisigino, kwenye shavu langu,
aone ni wapi patasikia.

Watoto wengine huwaachia mama zao migongo.
Mimi naachiwa uso: kofia ya sufi ya manjano,
pua inayochuruzika, jicho linalonikagua,
anapungua, anapungua, bado ananitazama.

"Nguzo," nampazia sauti. "Ngazi mbili."
Anapanda ngazi mbili bila kushika chuma.
Kisha kutoka kule juu, kwa sauti ya mtu mzima:
"Mama, geuka! Basi lako hilo linaondoka."